Proksi isiyoonekana na kiraka cha keneli: nani anasoma nini kwenye Wi-Fi ya jengo?

Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kuna maneno ambayo hayachoki kuzunguka kutoka kundi moja la WhatsApp kwenda jingine: kwamba fundi wa jengo fulani pale Ibanda, au wa hoteli, au wa shule, "ametia kiraka kwenye keneli", yaani amebadili kiini cha mfumo wa mashine inayogawa intaneti, na sasa anasoma ujumbe wa kila anayetumia Wi-Fi yake. Wengine wanaongeza kwamba ndiyo sababu mega (data za simu walizonunua) zinaisha haraka. Upande wa pili wapo vijana wanaojifunza kazi ya rezo, yaani mitandao ya kompyuta. Hao wamekuta mwongozo wa zamani mtandaoni na kuamini kwamba bila kuibomoa keneli na kuijenga upya, proksi ya jengo haiwezekani. Wote wanazungumzia kitu kimoja, na wote wamekielewa nusu.

Proksi ni programu inayokaa katikati. Badala ya simu yako kwenda yenyewe hadi kwenye seva ya gazeti, inaongea na proksi, na proksi ndiyo inayokwenda kuchukua ukurasa na kukuletea. Ofisi huiweka ili kuzuia tovuti fulani, kuandika rezo ilitumika saa ngapi na kifaa gani, na hapo zamani, kutunza nakala za kurasa ili zisipakuliwe mara mbili. Hiyo kazi ya mwisho ilikuwa na thamani kubwa enzi za antena za satelaiti. Satelaiti zile zimekaa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, swali na jibu lake vilichukua zaidi ya nusu sekunde, na mtu mmoja anayepakua video alitosha kuwalaza wengine wote. Squid, programu ya proksi inayojulikana kuliko zote katika ulimwengu wa Linux, ilianza 1996 kwa ajili ya shida za namna hiyo.

Kasoro ya proksi ya kawaida ni kwamba kila kifaa lazima kiambiwe. Unafungua mipangilio, unaandika anwani ya proksi na namba ya mlango wake (kwa Squid ni 3128), unahifadhi. Kwa kompyuta kumi za ofisi, hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Kwa simu za wageni wa hoteli, wanaoingia leo na kuondoka kesho, haifanyiki. Isitoshe, programu nyingi za simu hazijali kabisa mpangilio huo. Kwa hiyo mafundi walitaka proksi ambayo simu haiambiwi habari zake, lakini mawasiliano yapite humo hata hivyo. Hiyo ndiyo proksi isiyoonekana.

Chukua bahasha unayoipeleka bandarini ili kijana wa boti amfikishie shangazi yako Goma. Juu yake kuna majina mawili: la anayepelekewa na la aliyetuma. Kwa proksi ya kawaida, wewe mwenyewe unaandika jina la mtu wa kati, na ndani unatia karatasi: "Tafadhali mfikishie shangazi." Kwa proksi isiyoonekana, umeandika jina la shangazi tu, huna habari ya mtu wa kati. Lakini yupo mtu njiani anayeipokea bahasha kana kwamba yeye ndiye shangazi, anakujibu kwa jina la shangazi, kisha anamwandikia shangazi bahasha nyingine kwa jina lako. Wewe unaona umeongea na shangazi. Shangazi anaona ameongea nawe.

Sasa keneli. Ni kiini cha mfumo endeshi, sehemu inayogawa muda wa prosesa, inayotunza kumbukumbu na inayoshika kadi ya rezo. Programu nyingine zote haziugusi waya. Zinaiomba keneli iwatumie na iwapokelee. Keneli ya Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ndiyo iliyo ndani ya simu za Android na ndani ya ruta nyingi zinazowaka taa kwenye kuta zetu.

Katika mambo ya rezo, keneli ina ukaidi wa aina mbili. Pakiti (kipande cha data kinachosafiri, ndiyo bahasha yetu) ikija na anwani isiyo ya mashine hiyo, keneli itaipitisha mbele kama mashine ni ruta, au itaitupa. Haitaipa programu yoyote ya humo ndani. Na programu ikitaka kutuma pakiti yenye anwani ya mwingine mahali pa mtumaji, keneli inakataa: anwani hiyo si yetu, siwezi kukupa. Ukaidi huo una faida, kwa sababu ndio unaozuia programu yoyote tu kujifanya mtu mwingine. Bahati mbaya, proksi isiyoonekana inahitaji mambo hayo hayo mawili. Inapokea bahasha zisizo zake na inaandika kwa majina yasiyo yake. Ndiyo maana suala hili haliishii kwenye programu. Hata uandike proksi yako kwa ustadi wa namna gani, keneli isipokubali, umefika mwisho.

Linux ilikubali mapema, kisha ikaacha. Toleo 2.2, la Januari 1999, lilikuwa na uwezo wa proksi ya namna hii. Toleo 2.4, la Januari 2001, likaja na mfumo mpya wa kuchuja pakiti unaoitwa netfilter, na katika kuhamia nyumba mpya uwezo ule wa zamani ukaachwa nyuma. Kilichotolewa badala yake ni kubadili anwani: keneli inafuta jina la shangazi kwenye bahasha, inaandika jina la mtu wa kati, na inaweka kumbukumbu kwenye daftari. Proksi ikitaka kujua bahasha ilikuwa ya nani, inaiuliza keneli, na keneli inafungua daftari.

Kwa kurasa za wavuti za wakati ule njia hiyo ilitosha, na hadi leo inatumika sehemu nyingi kwa sababu ni nyepesi. Ila ina mapengo. La kwanza, jina la mtumaji linapotea: seva ya mbali inaona anwani ya proksi tu, kwa watu wote. Mmoja akifanya fujo, seva inawafungia wote. La pili ni la mawasiliano ya UDP, ambayo pakiti zake hazina salamu ya kufungua wala kufunga, kila moja inajitegemea. Kwa hizo, kuuliza daftari "hii ilikuwa inakwenda wapi?" hakuna jibu rahisi.

Walioumia zaidi na mapengo hayo walikuwa waandishi wa kuta za ulinzi. Kampuni ya Balabit ya Hungary ilikuwa na ukuta unaoitwa Zorp, na Zorp yote imejengwa juu ya proksi: kila mawasiliano yanasimamishwa, yanakaguliwa, yanaanzishwa upya upande wa pili. Kwa kazi hiyo huwezi kupoteza majina. Balázs Scheidler na Krisztián Kovács wakaandika viraka vya keneli na kuviita TPROXY. Vile vya kwanza bado vilitegemea ujanja wa kubadili anwani. Katika toleo la nne waliuacha ujanja huo na kuandika upya kwa namna iliyo safi zaidi, na ndiyo namna iliyodumu.

Inafanya kazi hivi. Pakiti inapoingia, sheria ya netfilter inaipa alama, bila kugusa hata herufi moja ya anwani zake. Alama hiyo inaifanya keneli iipeleke kwenye jedwali la njia la pembeni, ambalo limeandikwa uongo mmoja wa makusudi: kwamba anwani zote za dunia ni za mashine hii. Pakiti inakubaliwa kama mwenyeji na kukabidhiwa proksi. Proksi nayo lazima iwe imeomba ruhusa maalumu ya kushika anwani za wengine, na ruhusa hiyo keneli haimpi yeyote ila programu yenye mamlaka ya msimamizi wa rezo. Hivyo ukaidi wote wawili umelegezwa, lakini kwa yule aliyepewa funguo peke yake. Daftari la majina halihitajiki tena, kwa sababu majina hayakufutwa.

Desemba 2008 kazi hiyo iliingizwa ndani ya Linux yenyewe, katika toleo 2.6.28. Squid nayo ikaitambua kuanzia toleo 3.1. Tarehe hiyo ya 2008 ndiyo ningependa vijana wa rezo waishike, nitaeleza kwa nini.

Kwanza kiraka chenyewe. Watu wanalitaja neno hili kama dawa ya mganga, kumbe ni faili la maandishi. Lina mistari yenye alama ya kutoa, inayopaswa kufutwa katika msimbo, na mistari yenye alama ya kujumlisha, inayopaswa kuongezwa, pamoja na mistari michache ya jirani ili ijulikane mahali pa kubandika. Programu ya kubandikia iliandikwa na Larry Wall mwaka 1985, na jina lake ni patch, basi. Ukipewa kiraka unaweza kukisoma chote, kutoka juu hadi chini, kabla hujakitumia. Unayepaswa kumwogopa ni yule anayekuletea keneli iliyokwisha kujengwa na kukuambia "weka tu".

Kabla ya 2008, fundi aliyetaka TPROXY alipakua msimbo wote wa keneli, akabandika kiraka, akachagua mipangilio mamia kwa mamia, akaijenga keneli kwa saa kadhaa, akaisimika, akazima na kuwasha mashine huku moyo ukidunda. Kwetu huku hesabu hiyo inaihusu na SNEL, shirika la umeme. Umeme ukikatika wakati wa kujenga, si msiba, kazi inaendelea ilipoishia. Ukikatika wakati keneli mpya inaandikwa kwenye diski, mashine inaweza kugoma kuamka, na hapo atakayekuokoa ni keneli ya zamani uliyoiacha kwenye orodha ya kuwashia. Asiyeiacha ana mchana mrefu.

Hata mambo yakienda vizuri, kiraka kilikuwa kimeshikamana na toleo moja. Kilichoandikwa kwa keneli ya mwezi huu kingeweza kukataa kubandikika kwenye ya mwezi ujao, kwa kuwa mistari ya jirani imebadilika. Na masasisho ya usalama? Waandaaji wa mfumo wanatoa keneli mpya iliyozibwa tundu, wewe unaisimika, kiraka chako kinatoweka nayo, na Jumatatu asubuhi proksi ya jengo imekufa. Kishawishi kikawa kutosasisha kabisa. Kwa maoni yangu hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote: mlinzi wa rezo nzima anakaa na matundu yanayojulikana, ili tu kiraka kisipotee.

Ndiyo maana nimesisitiza 2008. Miongozo ya kabla ya hapo bado ipo mtandaoni, na mitambo ya utafutaji inaileta bila kujali umri wake. Kijana anaisoma, anaanza kutafuta kiraka cha keneli ambayo haijatumika kwa miaka mingi. Leo TPROXY ni moduli inayokuja na mifumo ya kawaida ya Linux, na kwenye ruta yenye OpenWrt (mfumo wa Linux wa ruta) ni kifurushi kidogo cha kuongeza. Fundi akikudai dola za "kutia kiraka kwenye keneli" ili upate proksi ya jengo, mwulize mashine ina toleo gani. Likiwa jipya kuliko 2.6.28, anachokuuzia kipo tayari, labda hakijawashwa tu.

Turudi kwenye hofu ya ujumbe kusomwa. Yule mtu wa njiani anapokea bahasha, sawa. Je, anaweza kuifungua? Zama za mlango namba 80, wakati kurasa nyingi zilisafiri wazi, jibu lilikuwa ndiyo. Leo karibu kila tovuti inayoheshimika hutumia HTTPS kwenye mlango namba 443, yaani yaliyomo yamefungwa kwa usimbaji fiche. Proksi inaweza kuipitisha bahasha, kuichelewesha au kuitupa. Kuisoma haiwezi, na kiraka cha keneli hakibadilishi hilo hata kidogo, kwa kuwa kufuli haliko kwenye keneli ya ruta. Liko kati ya simu yako na seva. WhatsApp ina kufuli la ziada: tangu Aprili 2016 ujumbe unasimbwa kutoka simu hadi simu, na hata seva za WhatsApp hazina ufunguo wake.

Kinachoonekana kwa nje ni mengine. Mara nyingi jina la tovuti unayoitembelea husomeka mwanzoni mwa mazungumzo, kabla kufuli halijafungwa. Saa inajulikana, na kiasi cha data, na kifaa kipi. Kwa hiyo fundi anaweza kujua kwamba simu fulani ilikuwa kwenye tovuti ya benki saa nane usiku, asijue iliandika nini. Hizo si habari ndogo. Anayezitunza pamoja na majina ya watu ameshika data binafsi, jambo ambalo Sheria ya Dijitali (Code du numérique) ya nchi yetu, ya Machi 2023, inaligusa.

Njia moja ya kufungua bahasha ipo, na ni kukuomba wewe mwenyewe ufunguo. Mwenye rezo anakuambia usimike cheti fulani kwenye simu au kompyuta "ili Wi-Fi ifanye kazi". Ukikubali, kivinjari chako kitaamini kwamba mtu wa njiani ndiye shangazi kweli, na atasoma kila kitu kinachopita kwenye kivinjari hicho. Programu nyingi za simu zitakataa hata hivyo, maana tangu Android 7 ya mwaka 2016 hazikiamini cheti kilichoongezwa na mtumiaji isipokuwa zimeandikwa hivyo. Kampuni ina haki ya kufanya hivyo kwenye kompyuta zake yenyewe. Kwenye simu yako, katika hoteli, jibu ni hapana. Na kivinjari kikikuonya kwamba cheti cha tovuti hakiaminiki, usibonyeze "endelea" kwa haraka ya kusoma barua.

Kuhusu mega, ni haraka tu: ukiwa kwenye Wi-Fi ya mtu, mega za laini yako haziguswi. Zinaliwa ukishatoka, pale simu inapoendelea kusasisha programu na kupakia picha kimyakimya.

Wapo pia wanaosema intaneti ilipokatwa nchi nzima kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, kwa karibu wiki tatu, ilikuwa kazi ya proksi za siri. La. Kampuni za simu ziliamriwa kuzima, zikazima. Anayeweza kufunga bandari hana haja ya kumweka mtu wa kupokea bahasha.

Kuna habari mbaya kwa mafundi pia. Proksi nyingi za majengo zimepangwa kukamata TCP peke yake (mawasiliano yenye salamu ya kufungua na kufunga), wakati YouTube na huduma nyingine kubwa zinatumia QUIC, itifaki iliyopata kiwango rasmi mwaka 2021 na inayosafiri juu ya UDP. Mazungumzo hayo yanapita pembeni ya proksi bila hata kuisalimia. Mafundi wengi huizuia UDP kwenye mlango 443, vivinjari vinarudi kwenye TCP, na mambo yanaendelea.

Na je, jengo la kawaida linaihitaji TPROXY? Mara nyingi, hapana. Sifa yake kubwa ni kuhifadhi jina la mtumaji, lakini jengo lenye anwani moja tu ya nje litalipoteza jina hilo hatua moja mbele, pale ruta inapobadilisha anwani zote za ndani, zile zinazoanza na 192.168, kuwa ile moja iliyopewa na kampuni ya intaneti. Seva ya mbali itaona mtu mmoja vilevile. TPROXY inalipa kwa mtoa huduma ya intaneti, kwa chuo kikuu chenye anwani zake, kwa ofisi yenye ukuta wa ulinzi au seva za ndani zinazopaswa kujua nani ni nani, au kwa anayetaka kushika UDP. Wengine wanatosheka na ile njia ya daftari.

Anayeiweka bila kufikiri hukutana na tatizo la kurudi. Kwa kuwa proksi imeandika kwa jina lako, jibu la shangazi linakuja kwa jina lako. Lisipopita tena kwa mtu wa njiani, litakufikia wewe, nawe utalikataa, kwa sababu barua linayoijibu hukuiandika wewe. Hutokea pale mashine ya proksi ilipowekwa pembeni ya ruta badala ya njiani, au pale jengo lina fiba na pia kisanduku cha 4G cha akiba kwenye rezo ileile: proksi inatuma kupitia kisanduku, jibu linarudi kwenye kisanduku, nacho kinaliwasilisha moja kwa moja kwenye simu. Kurasa zinaanza kufunguka, zinakwama, huku majaribio ya ping (ya kuuliza kama mashine ya mbali inajibu) yakionyesha kila kitu ni kizima, na lawama zote zinaiangukia Squid. Tiba ni kuiweka mashine ya proksi ili njia zote mbili, ya fiba na ya 4G, zipite ndani yake kwenda na kurudi. Baada ya hapo angalia kichujio cha keneli kinachotupa pakiti zinazoonekana kuingia kwa mlango usio wao, maana huwa kimewashwa bila mtu kukumbuka.